Ukienda kutembelea kinu cha mafuta ya zeituni, nenda na pua yako

Mara ya kwanza naingia kwenye kinu cha mafuta ya zeituni nilijua naenda kuangalia mashine, napiga picha, nanunua chupa mbili basi. Kilichonibadilisha ni kiglasi kimoja kidogo kilichofunikwa, mtembezaji akanisogezea akasema funua, nusa, niambie unasikia nini. Nikanusa, na harufu ile nikaijua palepale. Kama karanga zilizosahaulika kabatini, kama zile penseli za nta za watoto za kuchorea. Naijua kwasababu ndo ilikuwa harufu ya chupa yangu ya jikoni, miaka yote nilikuwa naamini mafuta ya zeituni ndo yananukia hivyo. Akaniambia haya yameshachacha, hayafai, tumeyaweka hapa makusudi watu wajifunze. Tangu siku hiyo kila mtu akiniambia anaenda kutembelea kinu namuomba jambo moja tu, mashine angalia ndio, lakini hakikisha unarudi pua yako imefundishwa.

Sasa tuanze na taimu maana hapa ndo watu wengi wanakosea. Zeituni hazikamuliwi mwaka mzima. Nchi za kaskazini mwa ikweta, yaani Hispania ambayo inaongoza duniani kwa uzalishaji, Italia, Ugiriki, Tunisia, Moroko, Uturuki, msimu ni kuanzia kama Oktoba mpaka Januari hivi, na kusini mwa ikweta kama Chile, Argentina, Australia na Afrika Kusini ni kuanzia kama Aprili mpaka Julai. Ukienda nje ya hapo utakuta mashine zimeoshwa zimekauka, unaoneshwa video alafu unapelekwa dukani, mi yalinikuta hayo na nilisafiri mbali kweli. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote piga simu au tuma meseji uulize swali moja la moja kwa moja: siku hiyo mashine zitakuwa zinawaka? Na uliza pia saa ngapi, maana wakulima wanachuma mchana na mzigo unaingia jioni, vinu vingi vinachangamka kuanzia alasiri mpaka usiku. Ukibahatisha jioni ya msimu utaisikia harufu kabla hujashuka kwenye gari, ni kama nyasi zimekatwa sasa hivi.

Siku ya kwenda usipake manukato wala losheni yenye harufu kali, na hili sio pambo, utawaharibia hata wenzako mliosimama meza moja. Wanaoonja mafuta kikazi wanatakiwa wasivute sigara wala kunywa kahawa angalau nusu saa kabla, na wasile kitu angalau saa nzima kabla, na wewe fuata hivyohivyo. Kama una mafua ahirisha kama inawezekana, utapoteza hela bure. Vaa viatu vya kufunika visivyoteleza, sakafu ya kinu ina mafuta kila kona, na ndani kuna kelele kwa hiyo kaa karibu na anayeongea. Watoto washike mkono.

Ukifika omba kuanzia pale mzigo unapopokelewa, wengine wanaruka hapo. Angalia zeituni zenyewe zimekujaje. Zikiwa kwenye kreti zenye matundu zinapumua, zikiwa zimeshindiliwa kwenye magunia siku kadhaa zinapata joto zinaanza kuvunda, na ule uvundo unaingia kwenye mafuta na hamna mashine itakayoutoa. Ndo maana wakamuaji wazuri wanataka zeituni ziingie kinuni ndani ya saa 24 tangu zichumwe, na chini ya hapo ni bora zaidi. Uliza: hizi zimechumwa lini? Jibu la haraka bila kujikanyaga ni dalili nzuri. Shika moja uibonyeze, za mwanzo wa msimu ni za kijani na ngumu, zinatoa mafuta kidogo lakini makali yenye harufu, za mwisho zimeshakuwa nyeusi laini, zinatoa mafuta mengi lakini yamepoa. Kwa kawaida lita moja inataka kama kilo tano za zeituni hivi, na za mapema zinaweza kuzidi hapo sana, sasa utaelewa kwanini mafuta ya mwanzo wa msimu bei yake inapanda.

Baada ya hapo majani yanapulizwa, zeituni zinaoshwa, zinasagwa zima zima na kokwa zake. Watu wengi wanategemea kuona yale mawe makubwa ya kusagia yanazunguka, na yapo bado sehemu nyingine, lakini vinu vingi vya sasa vinatumia nyundo za chuma zinazozunguka kasi na usihuzunike, mashine iliyofungwa ni rahisi kuosha na rojo halikai na hewa muda mrefu. Rojo likitoka linaingia kwenye tangi la kukorogea, na hapa simama. Kama kuna kidirisha omba uchungulie. Kuna skrubu kubwa inazunguka polepole, rojo la zambarau na kijani linageuka geuka, mwanzoni unaona tope tu, baada ya muda unaanza kuona vijicho vidogo vya mafuta vinang'aa juu yake, vinaungana viwili viwili vinakuwa vidimbwi. Inachukua kama dakika 20 mpaka 45. Angalia kipimo cha joto hapo pembeni. Ukiongeza joto mafuta yanatoka mengi zaidi ila harufu inakimbia, kwa hiyo ile namba ndo inakuambia mwenye kinu amechagua nini. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka joto lisifike nyuzi 27 ndo lebo iruhusiwe kuandikwa kwamba mafuta yamekamuliwa kwa baridi. Na yale maneno ya "mkamuo wa kwanza" unayoyakuta kwenye chupa ni ya enzi za kubana rojo kwenye mikeka, leo sehemu nyingi rojo linaingia kwenye mashine ya kuzungusha, wenyewe wanaiita dekanta, inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na mafuta yanajitenga na maji na machicha. Hakuna kubana hapo kwa hiyo hakuna wa kwanza wala wa pili. Ukiuliza machicha yanaenda wapi utaambiwa mengi, kokwa zinakuwa kuni za kuchemshia maji ya kinu, mengine yanauzwa kwa viwanda vinavyoyatoa mafuta yaliyobaki kwa kemikali, na hayo ndo mafuta ya machicha unayoyakuta madukani kwa bei ya chini, sio kitu kimoja kabisa na haya unayoyaona yanachuruzika hapa.

Pale bomba la mwisho linapotoa mafuta omba kionjo, hata tone mkononi. Rangi yake inaweza kukushtua, kijani ya kuwaka, lakini usiipende kwa rangi. Rangi inategemea aina ya mti na ukomavu, haisemi lolote kuhusu ubora, ndo maana waonjaji rasmi wanatumia glasi ya bluu au ya kahawia nzito wasiweze kuiona.

Haya, kuonja. Ukipelekwa mezani ukakuta mkate umeshakatwa, uweke pembeni kwanza kwa heshima, sema unaomba kuonja matupu. Mkate unaficha. Chukua glasi uikalishe kwenye kiganja, kiganja kingine funika juu, izungushe taratibu dakika moja au mbili mpaka glasi ipate joto la mwili, kwenye kuonja rasmi wanayapasha mpaka nyuzi 28 hivi kwasababu mafuta ya baridi hayanukii. Alafu funua, ingiza pua kabisa ndani, vuta. Usihangaike kutafuta maneno makubwa ya kuwaridhisha watu, jiulize swali moja tu: hii ni harufu ya kitu kibichi kilicho hai, au ya kitu kilichokaa? Kibichi ni majani, nyasi, ganda la ndizi mbichi, jani la mnyanya ukilifikicha, tufaha, lozi mbichi. Kilichokaa ni nta, karanga za zamani, siki, nguo mbichi iliyoachwa kwenye beseni, matope, chumba kilichofungwa muda mrefu. Ukishajua kutenganisha hayo makundi mawili umeshapata kazi iliyokuleta, mengine ni nyongeza.

Sasa weka mdomoni kidogo, kama nusu kijiko cha chai. Usimeze. Tandaza ulimi mzima, kisha meno yakiwa yameshikana vuta hewa kwa nguvu ssss, italeta sauti na ndo inavyotakiwa usione aibu, hewa inabeba harufu inapanda puani kwa nyuma na utasikia vitu ambavyo pua kwa mbele haikuvisikia. Pembeni na nyuma ya ulimi utasikia uchungu. Meza. Alafu nyamaza, hesabu mpaka kumi. Koo litaanza kuwasha kama umemeza pilipili, pengine utakohoa, na hapa ndo wageni wengi wanasukuma glasi wanasema haya mabaya nipeni yale laini. Ndugu zangu, ni kinyume chake! Uchungu na kuwasha ni sifa nzuri, kwenye karatasi za waonjaji rasmi zinaandikwa upande wa mazuri pamoja na harufu ya tunda. Kinachowasha kina jina, oleokanthali. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Gary Beauchamp, alionja mafuta mapya Sicily akasikia koo linawasha vilevile kama lilivyokuwa linamuwasha na ibuprofeni, dawa ya maumivu, aliyokuwa anaichunguza, na mwaka 2005 yeye na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba kitu hicho kinafanya kazi inayofanana na ya ibuprofeni. Haina maana unywe mafuta badala ya dawa. Ina maana tu kuwasha kule hakutokani na ubovu.

Kati ya glasi na glasi kunywa maji, tafuna kipande cha tufaha, pumzika. Anza na laini malizia na kali. Wataalam wenyewe wanashauriwa wasizidishe sampuli nne kwa awamu moja, sasa ukiona meza ina glasi kumi chagua nne, ya tano ulimi umeshachoka na kila kitu kitakuwa sawa. Kama wana aina tofauti za mti onja mbili zinazopingana, kwa mfano Arbequina ambayo ni laini na tamu ya matunda, alafu Picual au Coratina au Koroneiki ambazo zina nguvu, utashangaa kwamba ni tunda moja. Na hata kama hawajaitoa, omba glasi ya mafuta yaliyochacha. Wengi wanayo, wanaogopa tu kukukera. Mi naona hiyo glasi moja ina thamani kuliko ziara nzima, kwasababu mazuri utayakumbuka wiki moja, ila ubovu ukishaujua pua haiusahau.

Watakutajia asidi. Kwa kiwango cha Baraza la Kimataifa la Zeituni lililoko Madrid, ili mafuta yaitwe ekstra vejini, yaani daraja la juu kabisa, asidi huria isizidi gramu 0.8 kwa kila gramu 100, na jopo la waonjaji, kawaida watu 8 mpaka 12, lisikute kasoro na likute harufu ya tunda. Hivyo vyote kwa pamoja. Asidi hii ni ya kupimwa maabara, huwezi kuisikia mdomoni, kwa hiyo mtu akikohoa akasema "yana asidi nyingi haya" mueleweshe kwa upole.

Kununua ni haraka. Nunua uliyoonja leo, sio ndugu yake kwenye rafu. Tafuta tarehe ya kuvuna kwenye lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake haitoshi. Chupa ya giza au kopo, sio chupa nyeupe iliyokaa dirishani inapigwa na jua. Chukua vyombo vidogo viwili kuliko kimoja kikubwa, maana ukishafungua hewa inaanza kazi yake na unatakiwa umalize ndani ya wiki kadhaa. Mafuta yenye ukungu yasiyochujwa ni matamu yakiwa mapya ila lile tope linatulia chini linavunda, yanywe mapema. Kama unapanda ndege mafuta ni kimiminika, chupa inaenda kwenye begi la chini, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kisha katikati ya nguo. Hela kidogo ukibakiza bora umshukuru yule aliyekutembeza, msimu ule wanalala saa chache sana.

Ukifika nyumbani fanya hili usiku huohuo kabla hujachoka. Toa ile chupa ya zamani ya jikoni, mimina kidogo kwenye kikombe, na kwenye kikombe kingine mimina ya kinuni. Funika, pasha kwa viganja, mpe mtu wa nyumbani afumbe macho anuse vyote viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Wa kwangu alirudisha kikombe cha zamani mezani akauliza hii nta umeitoa wapi.