Kutembelea Duxford ukitokea Lubumbashi

Duxford, karibu na Cambridge, Uingereza, kilikuwa kiwanja cha ndege za vita. Jeshi lilikiacha mwaka 1961. Leo ni makumbusho.

Shughulikia viza mapema kabla ya tiketi. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, unaweza kupitia Addis Ababa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani: utaulizwa ukirudi. Ukifika London, panda treni Liverpool Street, shuka Whittlesford Parkway, kisha uchukue teksi.

Vaa viatu vya kutembea na koti zito hata kama jua linawaka, kwani mahangari ni makubwa na baridi hukaa ndani. Fika mlango unapofunguliwa, uanze na Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Ngazi na njia ya ndani ni nyembamba, watu wakijaa foleni haisogei. Hii ni ndege ya majaribio: utakuta mitambo ya kupimia pale ulipotegemea viti vya abiria.

Halafu nenda hadi karibu na mwisho wa kiwanja, kwenye jengo la ndege za Marekani. Usiikimbilie B-52, ndege ya kudondosha mabomu, kwa sababu ya ukubwa wake tu. Simama kwanza kwenye SR-71, ndege ya upelelezi. Tazama bawa lake kwa ubavu, utaona mikunjo midogo. Iliwekwa makusudi ili bati la titani litanuke kwa joto la mwendo mkali bila kupindapinda. Upande mmoja wa jengo ni kioo kitupu, basi ukipiga picha kipe mgongo, la sivyo ndege itatoka nyeusi.

Bado kuna ndege zinazoruka hapo. Usivuke uzio wowote.