Heidelberg kwa miguu: kasri, bustani na msitu wa juu hata kama mfukoni kumekauka

Jamani kuna watu niko nao hapa Mannheim, Ujerumani, mwaka wa nne sasa, nyumbani kazini, kazini nyumbani, ukimuuliza ushafika Heidelberg anakwambia nimepita na treni tu. Na ni dakika kama 20! Siwalaumu, shifti za huku zinakamua mtu na Jumapili maduka yote yamefungwa kwahiyo unaona bora ulale, ila naomba mnisikilize leo niwaeleze siku moja ya kutembea pale navyoifanya mimi, maana msimu wangu wa kwanza wa baridi nilikuwa na hali mbaya kichwani, silali, sili, na hizi safari za miguu ndo zilinirudisha. Na karibu yote ni bure.

Hilo la bure ndo wengi hawalijui. Wanaona bei ya tiketi ya kasri kwenye intaneti, wanazidisha mara mtu mzima wawili na watoto, wanaghairi. Tiketi ni ya kuingia uani ndani ya kasri. Bustani yote kubwa, roshani ya mawe unayosimama ukaona mji mzima na mto Neckar chini yako, kuta kwa nje, ule mnara uliopasuka, msitu wote unaopanda mlimani, hivyo hulipi hata senti.

Kufika: kutoka Mannheim panda treni ya S1 au S2, na usishuke stesheni kuu ya Heidelberg kama wageni wote, kaa mpaka Heidelberg-Altstadt, ukishuka hapo unaingia mji wa kale kwa miguu na umati bado hujakutana nao. Kama una tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ile Deutschlandticket, hapo umeshamaliza gharama ya usafiri. Tembea mpaka uwanja unaitwa Kornmarkt. Hapo kuna njia za kupanda juu. Kuna ngazi za Kurzer Buckel, zaidi ya 300, fupi lakini zinakutoa pumzi, na kuna Burgweg ambayo ni njia ya mawe yenye mteremko mkali, ikinyesha inateleza vibaya sana. Mwenye gari la mtoto au mama mtu mzima amekuja kuwatembelea asijaribu hizo, apande kitreni cha mlimani kinachovutwa kwa kamba ya chuma, Bergbahn, na hapo ndo tiketi ya kasri ina maana maana kipande cha chini cha kitreni kimo ndani yake, kwenda na kurudi. Tiketi yako ya mwezi usiitegemee huko, uliza dirishani kwanza.

Ukifika juu usikimbilie geti la uani, zunguka kwanza bustanini. Hili kasri ni la mawe ya mchanga mekundu yaliyochimbwa humuhumu bondeni, jioni jua likilipiga linakuwa kama kaa la moto. Waliolijenga walikuwa watawala wa jimbo la Palatinate, na anayenigusa mimi ni Friedrich wa tano. Alizaliwa 1596, na mke wake Elisabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, naye 1596, yani mwaka uleule Wareno wanamaliza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, ukilipigia hesabu hivyo lile jengo halikai tena mbali na wewe. Walioana 1613 wakiwa na miaka 16 tu. Mwaka 1615 akamjengea lango la mawe pale bustanini, bado lipo, linaitwa Elisabethentor, na wenyeji wanasimulia lilijengwa usiku mmoja ili bibie akiamka alikute. Akamleta fundi Mfaransa, Salomon de Caus, akachonga mlima kuwa matuta makubwa ya bustani, ambayo ndo hayo utakayoyakanyaga. Halafu 1619 Friedrich akakubali ufalme wa Bohemia, 1620 akashindwa vitani huko Prague, na bustani haikumalizika mpaka leo. Simama pale kwenye tuta la juu uangalie lilivyo tupu, nyasi tu na kuta, ukijua ilitakiwa iwe nini.

Upande wa mashariki kuna mnara uliopasuka. Huo usiupite haraka. Mwaka 1689 na tena 1693 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yalichoma mji na kasri, wakatia baruti chini ya mnara huu, ukuta wenye unene wa zaidi ya mita 6, na badala ya kusagika, nusu nzima ikang'oka ikateleza shimoni kama kipande cha mkate na iko hapohapo mpaka leo imeegemea. Mimi huwa nakaa kwenye ukingo wa ule mtaro nakula chapati zangu na kuuangalia. Baadaye walijaribu kukarabati, radi ikapiga 1764, pakaungua tena, wakakata tamaa, watu wa mji wakawa wanabeba mawe kwenda kujengea nyumba zao. Aliyepambana lisiishe kabisa ni mgeni, Mfaransa Charles de Graimberg, alikuja 1810 kuchora picha tu akabaki moja kwa moja. Mfaransa huyo! Baada ya yote walioyafanya wenzake. Mimi nimelipenda hilo kuliko hadithi zote za wafalme.

Uani niingie au nisiingie? Mara moja, ndiyo. Kuna pipa la divai la mwaka 1751 linaloingia zaidi ya lita 200,000, watu wanapiga nalo picha, mimi halikunishika sana. Lakini kuna makumbusho ya dawa, Apothekenmuseum, na kama uko kwenye uuguzi kama mimi au unasoma famasi, pale utakaa saa nzima na nusu, mizani, mitungi, makabati ya dawa za mitishamba, utamkumbuka bibi yako. Vyumba vya ndani vya kasri ni kwa ziara ya kuongozwa na unalipia tena, mimi sijaona ulazima.

Sasa msitu, ambao ndo sababu hasa ya kukuambia uvae viatu vya maana. Nyuma ya kasri inaanza njia inaitwa Himmelsleiter, ngazi ya mbinguni, ngazi kama 1,200 za mawe yasiyolingana, hii ya juu hii ya chini, inapanda moja kwa moja mpaka kilele cha Königstuhl, mita 568 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa mazoezi ya kawaida ahesabu saa moja mpaka moja na nusu. Ni miti mirefu pande zote, ukimya, unasikia kigogota anapiga mti mbali huko, unasikia na moyo wako. Usishindane na mtu. Pumzika kila unapotaka, na ukianza kuhisi goti usirudi kwa ngazi hizohizo maana kushuka ndo kunaua magoti, juu kileleni kuna kipande cha pili cha kitreni chenye mabehewa ya mbao ya mwaka 1907, shuka nacho, hela hiyo usiionee uchungu.

Nisikilizeni kwenye hili la muda. Novemba ya mwaka wangu wa kwanza nilianza kupanda saa nane na nusu mchana, kwa akili ya nyumbani kwamba jua linazama saa kumi na mbili. Kufika saa kumi na moja kiza kimeshika msituni, majani yamelowa yamefunika mawe, simu ina asilimia 9. Nilishuka nimekaa, ngazi moja moja, nikilia. Kwahiyo: Novemba mpaka Januari anza kupanda kabla ya saa sita mchana, Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu na chini ya miti kiza kinatangulia. Chukua tochi, pawabenki, ramani uwe umeshaipakua maana mtandao unakatika. Njiani utaona vibao vya kijani vyenye msalaba mweupe na namba, vimeandikwa Rettungspunkt, ukipata shida piga 112 uwatajie hiyo namba, watajua ulipo hata kama Kijerumani chako ni cha kuokoteza.

Sheria za msitu ni chache. Una haki ya kutembea msituni, mwenye msitu awe serikali au mtu binafsi, hakuna wa kukuuliza unatafuta nini huku, hili nalisema kwa sababu wengi wetu tunaogopa. Wenyeji mkikutana njiani sema Hallo, atakujibu, na mara nyingi uso unalegea hapohapo. Usivute sigara msituni kuanzia Machi mpaka mwisho wa Oktoba, na usiwashe moto, nyama choma tafuta sehemu iliyoruhusiwa. Mwenye baiskeli akae kwenye njia zenye upana wa mita 2 na kuendelea. Ukiona utepe na neno Holzfällung wanakata miti, zunguka, hata kama ni Jumapili na husikii msumeno.

Kupe. Sisi tunawajua kupe wa ng'ombe, hawa wa huku ni wadogo kama mbegu ya ufuta na wanaleta vitu viwili. Kimoja ni FSME, kirusi kinachoingia kwenye ubongo, hakina dawa lakini kina chanjo, na huku jimbo letu la Baden-Württemberg tuko kwenye eneo la hatari kwahiyo bima ya afya inalipa, mwambie tu daktari wako, ni sindano tatu, anza wakati wa baridi ili majira ya joto yakukute tayari. Cha pili ni borelia, hicho hakina chanjo ila kinatibika kwa antibiotiki kikiwahiwa. Ukirudi nyumbani vua nguo zote, kagua nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kwa watoto na kichwani kwenye nywele, tena sisi nywele zetu zinaficha. Ukimkuta mkamate na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole. Usimpake mafuta ya taa, usimchome na kiberiti, najua ndo tulivyofundishwa, hapa usifanye. Halafu piga picha mahali pale, na ukiona duara jekundu linapanuka ndani ya siku au wiki zinazofuata nenda kwa daktari na picha yako. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu hauonekani vizuri, unaweza kuwa wa zambarau au weusi tu uliozidi, so mwambie daktari wazi kwamba kupe alikuuma.

Oktoba ina zawadi yake. Mteremko huu umejaa Esskastanien, njugu za mti, zinaanguka zenyewe njiani. Mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa naye kazini ndo alinifundisha. Za kula ganda lake lina miiba mingi laini kama kalunguyeye, ndani mnakuwa mbili tatu zimebanana, bapa upande mmoja, na kila moja ina kimkia juu. Zisizolika, Rosskastanien, ganda lina miiba michache minene, ndani moja ya duara inayong'aa, hiyo itakuumiza tumbo, waachie watoto wachezee. Unaruhusiwa kuokota kiasi cha kula nyumbani, sio gunia. Nyumbani kata msalaba juu ya ganda ndo uchemshe au uoke, bila hivyo zinapasuka. Ladha? Kokwa za fenesi zilizochemshwa. Siku ya kwanza niliyokula nilimpigia mama Tanga hapohapo, nikamwambia nimekula kokwa za fenesi Ujerumani, akasema mbona unalia. Uyoga lakini usiguse hata kama unafanana na wa kwenu, wageni wamewahi kufa kwa huo, kuna wa sumu kali unafanana kabisa na unaolika kwingine.

Kama miguu bado ina nguvu shuka mjini, vuka daraja la kale la 1788, panda Schlangenweg, kinjia chembamba kinachopinda kati ya kuta, utokee Philosophenweg ng'ambo. Hapa ndo unaliona kasri lote kwa mbele, na huku upande unaopigwa na jua kuna joto mpaka miti ya tini na ya lozi inaota. Njoo saa moja kabla ya jua kuzama. Mara tatu kwa mwaka, Juni, Julai na Septemba, wanawasha kasri taa nyekundu usiku na fataki juu ya mto kukumbuka ule moto, siku hizo njoo mapema mno au usije na watoto wadogo, watu ni wengi.

Mwisho mi huwa namalizia chini kwenye majani ya ukingo wa mto, Neckarwiese, na chupa yangu ya chai ya tangawizi. Wale bata wakubwa wenye doa la kahawia machoni, wanaotembea kama eneo ni lao, ni bata wa Misri, hao hao wa Naivasha na Manyara. Na jua likikaribia kuzama angalia juu kwenye miti, utasikia kelele, kasuku wa kijani wengi wanarudi kulala, walitoroka kwenye vizimba vya watu huko nyuma wakazaana, na baridi yote hii wapo. Ukitoka hapo usirudi Altstadt, stesheni kuu iko karibu zaidi, na S-Bahn za Mannheim zinapita jioni yote.