Ngozi mpya inanuka: jinsi ya kupunguza harufu kali nyumbani ukiwa Mwanza

Ukinunua mkoba, mkanda au viatu vya ngozi vikanuka mpaka jirani anauliza, usikimbilie pafyumu wala jua kali. Pafyumu inaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na spiriti iliyomo inaacha madoa kwenye rangi. Jua nalo linakausha mafuta yaliyomo ndani ya ngozi. Ngozi iliyoishiwa mafuta inakakamaa, kisha inapasuka pale inapokunjwa. Anza kwa kujua harufu inatoka wapi, maana kinachoua harufu ya samaki hakifanyi lolote kwa harufu ya gundi.

Funga kitu chako kwenye mfuko safi kwa saa moja, kisha fungua na unuse papo hapo. Baada ya hapo nusa sehemu moja moja: uso wa ngozi, bitana, mishono, soli ya ndani. Mara nyingi ngozi yenyewe haina kosa, kinachonuka ni gundi iliyoshikiza bitana.

Harufu ya gundi inafanana na thina au petroli na inapanda kichwani. Ni mvuke wa viyeyushi ambavyo havijamaliza kutoka, na tiba yake kuu ni hewa na subira. Harufu ya samaki utaikuta kwenye pochi na viatu vya ngozi ya sangara ikiwa mafuta hayakutolewa vizuri, na hata kwenye ngozi ya ng'ombe, kwa sababu viwanda vingine hulainisha ngozi kwa mafuta ya samaki. Harufu ya uchachu, kama samli iliyokaa muda mrefu, ni mafuta yaliyochacha. Harufu ya udongo wenye unyevu ni ukungu. Ikiwa ni harufu ya kuni, yenye utamu kidogo, ngozi hiyo imechakatwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa magome ya miti, kwa mfano miwati. Itapungua lakini haitaisha kabisa, na wengi wetu tunaipenda hivyo.

Hewa kwanza

Toa karatasi zote zilizojazwa ndani, fungua zipu, geuza mifuko ya mkoba nje, chomoa soli za ndani za viatu. Tundika kivulini karibu na dirisha lenye upepo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ambapo upepo wa ziwani unavuma na hewa haijalowa. Jioni ingiza ndani. Usiku unyevu unapanda, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojaa kwenye taa wakinasa kwenye ngozi yenye nta ni kazi kuwatoa.

Chagua mahali pa kutundikia. Ukiwa Igombe, au karibu na Mwaloni Kirumba ambako dagaa wanapita kwa magunia, usianike nje hata kidogo: ngozi inanyonya harufu ya jirani haraka kuliko inavyoachia yake. Jikoni na karibu na jiko la mkaa, vilevile.

Kwa gundi, siku tano hadi kumi za namna hii zinatosha kwa vitu vingi. Viatu vinachelewa, kwa kuwa gundi imefungiwa kati ya soli na ngozi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hesabu muda mrefu zaidi.

Ndoo ya mkaa

Harufu ikibaki, chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Ponda kilo moja ya mkaa mpaka vipande viwe ukubwa wa punje za mahindi, pepeta vumbi lote, kisha anika vipande juani siku nzima. Mkaa wenye unyevu hauvuti harufu vizuri. Utie kwenye soksi mbili nene za pamba, ufunge midomo. Weka chini ya ndoo, tandika kitambaa safi juu yake, kisha weka mkoba ukiwa wazi. Funika. Kila baada ya siku mbili fungua, pepea ndoo, anika mkaa tena. Wiki moja ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mkaa wa jikoni hauna nguvu kama ule wa kuchujia maji uliotengenezwa kiwandani, ndiyo maana tunasema kilo nzima na siyo vipande viwili vitatu.

Kwa harufu ya uchachu, ongeza bakuli lenye vijiko vinne vikubwa vya bekingi soda ndani ya ndoo hiyo hiyo. Mafuta yaliyochacha hutoa asidi, na bekingi soda huzituliza. Isiguse ngozi. Ngozi iliyochakatwa ina asidi kidogo, na unga wa soda ukikaa juu yake unaikausha na kuacha weupe kwenye vinyweleo na mishono. Usibadilishe kwa magadi ya kuivishia maharage, ni makali zaidi, wala kwa bekingi pauda, ambayo imechanganywa na wanga.

Kahawa ya kusaga? Inafunika harufu zaidi ya kuiondoa, na ikipata unyevu inaota ukungu.

Siki, kwa samaki na ukungu

Harufu ya samaki inaletwa na kemikali ziitwazo amini, ambazo ni besi, yaani kinyume cha asidi. Asidi ya siki inazifunga zisiruke hewani tena, ndiyo sababu siki inafaulu hapa na inashindwa kwenye gundi.

Changanya nusu kikombe cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji safi. Jaribu kwanza sehemu iliyofichika, kama chini ya mkanda wa mkoba: gusa kwa kitambaa cheupe, subiri dakika kumi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, acha. Dondosha pia tone moja la maji; likizama mara moja na kuacha doa jeusi, ngozi hiyo haina koti la kuikinga na siki itaiachia alama. Swedi, ngozi yenye uso wa vinyoya laini, usiiloweshe kabisa, irudi kwenye ndoo ya mkaa.

Ukiona ni salama, chovya kitambaa cha pamba, kamua mpaka kisidondoke, pangusa uso wote kwa mkupuo mmoja. Ukipangusa vipande vipande utabaki na ramani. Rudia kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha kausha kivulini saa 24. Viatu vijaze karatasi nyeupe. Wino wa gazeti unahamia kwenye bitana ya rangi nyepesi. Harufu ya siki yenyewe huisha ikikauka. Ukungu unaoonekana upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini kabla ya siki, usije ukausambaza chumbani.

Ikishakauka, paka krimu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha punje ya harage kwa kila kiatu. Mafuta ya kupikia na samli yasifike hapo: baada ya wiki chache yanachacha, na unaanza upya.

Harufu ambayo haitatoka

Kuna ngozi zinazouzwa kama zimechakatwa kumbe zimekaushwa kwa chumvi tu, hasa za mbuzi zenye manyoya. Angalia pale ilipokatwa. Iliyochakatwa ina rangi moja hadi katikati, kahawia kwa magome, kijivu cha bluu kwa kromiamu, dawa ya viwandani. Isiyochakatwa ni ngumu, inapitisha mwanga kama kucha, na kipande chake kikilowekwa usiku kucha kinateleza na kunuka mzoga. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu, hivyo harufu inarudi kila mvua zikianza. Hapo siki na mkaa ni kupoteza muda. Mrudishie muuzaji ndani ya siku chache, ukiwa na kipande ulicholoweka. Ukitaka kuibakiza, inahitaji kuchakatwa upya na mtu mwenye ujuzi. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi, waulize hapo kabla hujamwaga dawa yoyote juu yake.

Kitu kilichokwisha kutulia kihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, siyo wa plastiki, na soksi moja ya mkaa pembeni. Mkaa huo uanikwe tena kila mwezi.