Dakika 45 za usaili wa kampuni kubwa ya teknolojia, ukiwa Dodoma

Wengi wanaotoka kapa kwenye usaili wa Google, Amazon au Microsoft wanajua kuandika programu vizuri tu. Shida ni kunyamaza. Msaili anaandika ulichosema na ulichofanya, na maandishi hayo ndiyo yanayokwenda kwa waamuzi. Google hata ina kamati ya watu ambao hawakukuhoji. Ulichowaza kimoyomoyo hakifiki huko. Sisi tumelelewa kutulia mbele ya mkubwa hadi tuulizwe. Siku hiyo adabu hiyo iweke pembeni.

Kwa kawaida unaanza na simu fupi ya afisa ajira, kisha usaili mmoja wa kuandika programu, halafu duru ya mwisho yenye vipindi 4 au 5, kila kimoja dakika 45 hadi 60.

Hakikisha saa mapema. Saa 3 asubuhi ya Seattle, Marekani, ni saa 1 usiku Dodoma, lakini Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa 2 usiku, hadi Machi. Kwenye barua pepe andika 19:00 EAT au 20:00 EAT (EAT ni saa za Afrika Mashariki). Ukichanganya hesabu yetu ya saa na yao, umepotea kwa saa 6 kamili.

Laptopu ijae chaji, na simu yenye bando ikae tayari kama hotspoti, maana rauta huzima pamoja na taa. Simu ya video hula takriban GB 1 kwa saa. Siku moja kabla, zima rauta makusudi katikati ya maongezi ya video uone inakuchukua muda gani kurudi. Na kama ni kati ya Desemba na Aprili, kimbia chumba cha bati kisicho na dari: mvua ikianza, hamtasikilizana.

Sasa swali lenyewe. Tuseme: una orodha ya uzito wa makreti ya zabibu, tafuta mawili yanayotimiza kilo 50 kamili. Usiguse kibodi. Uliza kwanza: uzito unaweza kujirudia? Jibu lipo siku zote? Orodha inaweza kuwa tupu? Kisha taja njia ya kizembe: kulinganisha kila kreti na kila jingine. Makreti 10,000 yanatoa jozi karibu milioni 50, na idadi hiyo uitaje wewe kabla hujaulizwa. Halafu iboreshe: pita orodha mara moja, na kwa kila kreti tazama kwenye seti ya heshi (ghala la data linalokujibu papo hapo kama kitu kimo au hakimo) kama uzito unaopungua kufikia 50 umeshapita. Hatua zinashuka hadi 10,000, gharama yake ni kumbukumbu zaidi.

Hapa ndipo watu hukwama: wanaweka uzito kwenye seti kabla ya kutafuta mwenzake. Jaribu kwa mkono 25, 30, 20. Kreti la kilo 25 litajikuta lenyewe na programu itatoa jibu la uongo. Tafuta kwanza, weka baadaye: 25 inakosa, 30 inakosa, 20 inaikuta 30. Jaribio hilo lifanye kwa sauti, maana vihariri vingine vya usaili, yaani kurasa za kuandikia programu, haviendeshi programu. Msaili akikudokezea kitu, kidake, anakusaidia, hakutegi.

Maswali ya tabia nayo hayana huruma, hasa Amazon yenye kanuni 16 za uongozi. Andaa visa 6 au 7 vya kweli, hata vya field: hali ilikuwaje, jukumu lako, ulichofanya, matokeo kwa namba. Unyenyekevu wetu wa “tulifanya” unakuponza. Sema “niliandika sehemu ya malipo, wenzangu wawili wakafanya ripoti”.

Mazoezi yawe ya mdomo, kwa Kiingereza, na mtu mbele yako akishika saa. Walioko CIVE, chuo cha TEHAMA pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), hawakosi mwenzao wa kubadilishana naye kiti cha msaili. Ukikaa kimya zaidi ya nusu dakika, akugongee meza.

Ukikosa, kampuni nyingi hutaka usubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kuomba tena. Usiku huohuo andika ulikwama dakika ya ngapi, na ulikuwa unawaza nini usichokisema.