Kuomba viza ya kazi ya Uingereza mkiwa wawili, hatua kwa hatua

Wanandoa wengi huanza na swali la kazi: imepatikana, haijapatikana? Kwa anayesafiri peke yake hilo linatosha. Kwa wawili lipo swali linalotangulia: kazi hii inamruhusu mwenzangu kuja? Tangu tarehe 22 Julai 2025 jibu limegeuka kuwa hapana kwa kazi nyingi ambazo zamani lilikuwa ndiyo, na ni uchungu mkubwa kulijua wakati mmoja ameshaacha kazi na vyombo vya nyumba vimeshauzwa.

Maelezo haya ni ya mke na mume, au wapenzi wanaoishi kama mke na mume, wanaoomba wakiwa Kenya au Tanzania: mmoja kwa viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, mwingine kama mtegemezi wake. Ada zilizotajwa ni zile zilizotumika kuanzia Aprili 2025. Hubadilishwa mara kwa mara, hasa mwezi wa Aprili, kwa hiyo zihakikisheni kwenye gov.uk siku ile ile mnayolipa.

Hatua ya 1: Ulizeni namba ya kazi

Kila kazi ina namba ya tarakimu 4 katika orodha ya serikali ya Uingereza. Jina la kazi kwenye tangazo linaweza kupambwa, namba haipambwi. Mwombeni mwajiri namba hiyo kwa maandishi kabla ya kutia saini mkataba, kisha itafuteni kwenye orodha muone ngazi yake.

Ikiwa ni ya ngazi ya shahada, mwenza anaruhusiwa. Zipo kazi za chini ya shahada zilizobaki wazi kupitia orodha ya muda ya kazi zenye uhaba wa watu, lakini anayeajiriwa mpya kupitia orodha hiyo haji na mke wala mume. Namba 6135 na 6136, za wahudumu wa wazee na wagonjwa, zilifungiwa wategemezi tangu 11 Machi 2024, na tangu Julai 2025 hazichukui tena waajiriwa wapya kutoka nje ya nchi. Anayewaambia leo kwamba ana nafasi za uhudumu na mtakwenda wote wawili anataka pesa zenu.

Mshahara nao una kima chake. Kwa kazi nyingi ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi yenyewe, na kinachohesabiwa ni kile kilicho kikubwa. Wauguzi, madaktari na walimu wanaolipwa kwa viwango vya taifa wana kima kilicho chini ya hicho.

Hatua ya 2: Mwajiri, leseni yake na CoS

Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye gov.uk, ipakueni, tafuteni jina la kampuni lilivyoandikwa kwenye mkataba, na muangalie daraja: mnataka A. Kisha mwajiri hutoa Certificate of Sponsorship, ambayo watu wote huiita CoS. Jina linadanganya, kwa sababu si cheti cha kutundikwa ukutani bali ni namba ya kumbukumbu kwenye mfumo wa serikali. Ikishatolewa mna miezi 3 ya kuitumia, na maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi 3 kabla ya tarehe ya kuanza kazi.

Ada ya CoS ni pauni 525 na hulipwa na mwajiri. Haruhusiwi kuwarudishia mzigo huo, hata kwa kuukata kidogo kidogo kwenye mshahara. Wakala wa Uingereza naye haruhusiwi kisheria kumtoza mtu kwa kumtafutia kazi. Kwa wauguzi kuna jambo jingine: Kenya ina makubaliano na Uingereza ya Julai 2021, na uajiri wa wahudumu wa afya hupitia humo. Tanzania, kama Uganda na Burundi, imo kwenye orodha nyekundu, maana yake waajiri na mawakala hawatakiwi kuja kuwatafuta wahudumu wa afya huko. Muuguzi Mtanzania anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja. Wakala anayempigia simu kumwita ndiye anayevunja utaratibu.

Mwajiri akiwatumia maelezo ya CoS, yasomeni mstari kwa mstari: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, namba ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza. Kosa la kawaida ni namba ya pasipoti ya zamani iliyoshaisha. Mwajiri anaweza kulisahihisha kwa kuongeza maelezo kwenye mfumo, lakini afanye hivyo kabla hamjatuma maombi.

Hatua ya 3: Uthibitisho wa ndoa

Mahari iliyolipwa na albamu ya picha za harusi si cheti. Kenya, ndoa za kimila na za Kiislamu nazo husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Kama mlioana kimila mkaishia hapo, anzeni kwa msajili wa ndoa. Tanzania, hakikisheni ndoa iliyofungwa na sheikh au padri imesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Fanyeni hivyo wakati bado mnatafuta kazi, maana usajili haungojei CoS, ila CoS ikitoka haiwangojei ninyi.

Maneno yote ya Kiswahili au Kiarabu kwenye cheti yatafsiriwe kwa Kiingereza. Mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake. Tafsiri isiyo na maelezo hayo huhesabika kama haipo.

Sasa wekeni vyeti na pasipoti mezani, kando kwa kando, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Mwanaisha kwenye cheti cha ndoa na Mwanaesha kwenye pasipoti ni mtu mmoja kwenu. Kwa afisa anayesoma skani ni majina mawili. Rekebisheni cheti. Muda usipotosha, ambatanisheni hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mke aliyebadili jina baada ya ndoa huku pasipoti ikiwa na la zamani ajaze fomu kwa jina la kwenye pasipoti, na hilo jingine aliandike kwenye sehemu ya majina mengine.

Wasiofunga ndoa wanakubaliwa ikiwa uhusiano wao umedumu angalau miaka 2 kabla ya kuomba. Kusanyeni mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, bili, akaunti ya pamoja, barua zilizotumwa anwani moja. Chagueni vichache vilivyosambaa katika miaka yote 2, badala ya vingi vya mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Kiingereza, kifua kikuu, mwenendo mwema

Tangu 8 Januari 2026 anayeomba Skilled Worker kwa mara ya kwanza anahitaji Kiingereza cha ngazi ya B2, yaani ya juu ya kati. Kwa mtihani wa IELTS ni 5.5 katika kila sehemu kati ya zile nne (kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza), na iwe IELTS for UKVI, ile ya idara ya viza ya Uingereza. Ile ya kawaida haikubaliki hata ukipata 8. Aliyesoma shahada kwa Kiingereza Nairobi au Dar es Salaam anaweza kutumia shahada hiyo baada ya kuthibitishwa na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha shahada za nje. Muuguzi au daktari aliyeshafaulu mtihani uliokubaliwa na bodi yake ya Uingereza harudii. Kwa kanuni hizi mwenza haombwi mtihani wa Kiingereza ili aingie.

Kipimo cha kifua kikuu ni cha wote wawili, kwenye kliniki za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, zilizoko Nairobi na Dar es Salaam. Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa namna gani, hakipokelewi. Huanza na picha ya eksirei ya kifua. Ikionyesha doa lolote, hata kovu la ugonjwa wa zamani, mtachukuliwa makohozi, na kuotesha vijidudu maabara huweza kuchukua wiki 8. Hapo ndipo tarehe ya kuanza kazi hupita. Cheti hudumu miezi 6, kwa hiyo pimeni mara tu kazi inapothibitishwa, msingoje CoS. Mjamzito aseme mapema, kwa kuwa anaweza kupimwa makohozi badala ya eksirei.

Kwa kazi za afya, elimu na ustawi wa jamii, mfanyakazi huleta pia cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Aliyefanya kazi Muscat au Dubai akumbuke hilo, kwa sababu cheti cha huko ndicho huchelewa.

Hatua ya 5: Pesa

Kwa viza ya miaka 3, ada ni pauni 769 kwa kila mmoja. Ada ya afya, iitwayo IHS kwenye fomu, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima, nayo hulipwa yote mbele. Kwa wawili ni pauni 1,538 za viza na 6,210 za IHS, jumla 7,748, kabla ya tiketi na vipimo. Kazi ikiwa ya afya na mwajiri anastahili, viza ni ya Health and Care Worker: pauni 304 kila mmoja kwa miaka 3, na IHS hamlipi, wala mwenza. Tofauti hiyo inazidi pauni 7,000, kwa hiyo msikosee kuchagua fomu. Maombi yakikataliwa IHS hurudishwa. Ada ya viza hairudi.

Mbali na hizo, lazima muonyeshe akiba: 1,270 kwa mfanyakazi na 285 kwa mwenza, jumla pauni 1,555, zikae benki siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu isiwe nyuma zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Mwajiri wa daraja A anaweza kuwaondolea sharti hili kwa kuthibitisha kwenye CoS kwamba atawatunza mwezi wa kwanza. Someni kama ametaja na wategemezi, maana wengi humtaja mfanyakazi tu, na hapo mwenza hubaki na deni la kuonyesha 285.

Wanaokwama hukwama hivi: akaunti ina shilingi zinazolingana na pauni 1,580, siku ya 19 mnalipia vipimo kutoka akaunti hiyo hiyo, salio linashuka chini ya 1,555 kwa siku moja, na hesabu inaanza upya. Lipeni gharama zote kwa akaunti nyingine. Shilingi hubadilishwa kwa kiwango cha tovuti ya OANDA cha siku ya maombi, kwa hiyo wekeni nyongeza ya kama asilimia 10. Tumieni akaunti ya kawaida ya benki yenye jina la mmoja wenu, si ya mjomba wala ya chama.

Hatua ya 6: Fomu na alama za vidole

Kila mmoja ana fomu yake. Anzeni na ya mfanyakazi. Ikishatoa namba ya maombi, iandikeni kwenye fomu ya mwenza, mtume zote siku moja. Kabla ya hapo ombeni benki iongeze kikomo cha malipo ya mtandaoni kwenye kadi, kwani IHS ya miaka 3 hukataliwa na kadi nyingi kwa sababu hiyo tu.

Swali la kunyimwa viza linahusu nchi yoyote. Aliyenyimwa ya Schengen mwaka 2019 aandike hivyo. Kunyimwa huko hakuwaharibii. Kuficha kunaweza kuleta marufuku ya miaka 10.

Pakieni nyaraka zenye kusomeka, mkaweke alama za vidole kwenye kituo cha maombi. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Mkikataliwa kwa kosa la afisa, mna siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya.

Viza siku hizi ni ya kielektroniki, na kila mtu mzima hufungua akaunti yake ya UKVI. Mwenza akibandikiwa stika kwenye pasipoti, ni ya kuingilia na hudumu siku 90. Asiiache ipite akisubiri tiketi ya bei nafuu. Akishafika anaweza kufanya karibu kazi yoyote, isipokuwa uchezaji wa kulipwa au ukocha wa michezo, na mwajiri wake hahitaji leseni wala CoS. Atamwomba tu namba ya uthibitisho inayotolewa kwenye akaunti ile ya UKVI.