Usukani wa boti ukiwa mgumu, anza kwa kutenganisha kebo
Ndugu zangu mnaoendesha boti zenye injini ya ndani katika Bwawa la Mtera, usukani ukianza kuwa mgumu msikimbilie kununua kebo mpya (waya ulio ndani ya ganda, unaounganisha usukani wa dereva na bamba linalogeuza boti) kabla ya kujua kasoro iko wapi. Boti ikiwa nchi kavu na injini imezimwa, tenganisheni kebo na mkono unaogeuza bamba la usukani lililo chini ya boti, kisha geuzeni bamba hilo kwa mkono. Likigeuka kwa shida, tatizo liko kwenye mhimili wake: tieni grisi ya boti kupitia nipeli (kichwa kidogo cha kuingizia grisi), kama ipo, na mkague nati inayobana pakingi (kizibo kinachozunguka mhimili ili maji yasiingie), kwa kuwa mara nyingi hukazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka kuzuia maji yasivuje. Bamba likiwa jepesi lakini usukani wa dereva bado ni mzito, kuna uwezekano mkubwa kwamba kebo imeshika kutu ndani ya ganda lake. Hapo ni kuibadilisha tu, kwani mafuta yanayopenyezwa ndani huilegeza kwa muda mfupi, na kebo iliyochoka inaweza kukwama mkiwa katikati ya bwawa na abiria. Kabla ya kuagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, pimeni urefu wa ile ya zamani na mnakili namba iliyochapwa kwenye ganda.