Kobayi yako inatoka manyoya pande mbili? Usikimbilie sindano ya gale

Hapa Bukavu kobayi ikianza tu kutoka manyoya kila mutu anakuambia ni gale (upele wa vidudu vya ngozi), piga ivermektini, dawa ya kuua vile vidudu. Miye ya kwangu, jike ya miaka mitatu, ilipigwa sindano mara mbili na manyoya hayakurudi, kumbe shida ilikuwa kwenye ovari, ni homoni. Nyama ile iliteseka bure na inaniuma mpaka leo.

Angalia kwanza kama inajikuna, hii njo inapita zote. Gale inawasha vibaya sana, ngozi inaota magaga, ukiigusa inalia, ikizidi inapiga ata degedege. Kuvu nayo inaanzaka sana kwenye pua, macho na masikio, na inaambukiza watoto kwa hiyo nawa mikono. Lakini uvimbe wa maji kwenye ovari hauwashi: manyoya yanatoka mbavuni kushoto na kulia sawasawa, ngozi inabaki safi, chuchu zinaweza kukauka na kuota magamba, tumbo linajaa, alafu jike inaanza kupandia wenzake kama dume. Kama iliishi na dume fikiria mimba kwanza, ju mimba ya kobayi inachukua siku 59 mpaka 72 na karibu ya kuzaa pia manyoya yanaweza kupunguka. Papasa tumbo polepole, tafazali usiminye, uvimbe unaweza kupasuka ndani.

Ingine inakula sana, haitulii, na bado inakonda, na iko mzee. Hapo fikiria tezi ya shingo, papasa koo kama kuna kivimbe. Ila chungulia meno kwanza: ikikimbilia majani alafu inayaangusha, ni meno. Ipime kila wiki kwenye mizani ya jikoni, saa ile ile, uandike.

Maji pia pima. Kobayi ya kilo moja inakunywaka karibu mililita 100 kwa siku, chini ya hapo kama inakula majani mabichi mingi. Ikipita mara mbili yake na mikojo ni mingi, nunua famasi bandeleti za mikojo (vikaratasi vya kuchovya kwenye mikojo) uangalie sukari, zaidi kama macho yanaanza kuwa meupe.

Ukienda kwa munganga wa nyama beba ile karatasi ya uzito na maji, na kama ni jike muombe ekografi ya tumbo, mashine ni ile ile wanapimia wamama wa mimba. Ikionekana ni ovari, yeye njo ataamua kupasua ao sindano za homoni.